TELA LINAOZA LIKIWA LIMEPAKI: Jinsi ya kulitunza kati ya safari moja na nyingine, hasa kwa sisi wa Tukuyu na mvua zetu

Leo siongelei picha za bidhaa wala namna ya kumjibu mteja anayeuliza "bei ya mwisho". Naongelea kitu ambacho wengi tunakinunua kwa kujibana, tukishakipata tunakiacha nyuma ya nyumba kama jiwe la kufulia. Naongelea tela.

Kama unauza parachichi, ndizi, viazi, mchele wa Kyela au mbao kwa oda za mtandaoni, unajua kwamba mteja akishalipia, kazi ngumu ndiyo inaanza. Mzigo utoke shambani, ufike stendi, upande basi. Wengine tunakodi guta kila safari, wengine tumejikongoja tukachongesha tela la kufunga nyuma ya pikapu. Tela ni mkombozi, sibishi. Ila lina tabia moja mbaya: likiwa kazini huharibika taratibu, likiwa limepaki huharibika haraka, na huoni mpaka siku unayolihitaji.

Nianze na yaliyonikuta mimi, ili usidhani nasoma tu mahali.

KILICHONIPATA

Tela letu tuko watatu. Mimi nauza parachichi na ndizi, dada mmoja anauza mchele, kaka mmoja anauza viazi. Tulichanga, fundi akatuchomelea, likakaa kwangu kwa sababu ndiye mwenye uwanja. Baada ya pilikapilika za sikukuu, mwezi wa kwanza oda zikapoa. Siku ya mwisho tulitoka nalo safari ndefu, tukapitia mtoni, tukaliingiza majini mpaka magurudumu yakazama nusu, tukalisugua likang'aa. Tukalirudisha nyumbani, tukaliegesha kwenye majani nyuma ya jiko, tukalifunika turubai. Tukaona tumemaliza.

Katikati ya mwezi wa tatu nikapata oda ya parachichi ya kwenda Dar. Wateja wanne, wote wamelipa kabla. Nikaomba pikapu ya jirani, tukafunga tela, tukaenda kuchukua mzigo upande wa Masoko. Kwenda tulienda vizuri, tela tupu. Kurudi, tunapandisha kuja Tukuyu, nikasikia sauti kama mtu anasaga mahindi kwa jiwe. Dereva akasema ni barabara. Mbele kidogo kukaanza kunuka. Tuliposimama, gurudumu la kushoto lilikuwa linacheza kama jino la mtoto wa miaka sita, na katikati panatoka moshi.

Ilikuwa saa mbili usiku na manyunyu. Tukatafuta guta, tukapakua mzigo, tukapakia upya, parachichi nyingine zikaanguka kwenye matope. Basi la alfajiri likatuacha. Wateja watatu walivumilia siku moja, Mungu awabariki. Wa nne alikuwa na shughuli yake siku hiyo, akataka hela yake. Alikuwa na haki, nikairudisha.

Hesabu kwenye daftari langu ilikuwa hivi:

- Guta la dharura: 40,000
- Beringi, sili na kazi ya fundi: 95,000
- Hela ya mteja niliyorudisha: 120,000. Mzigo wake nikauza hapa hapa kwa bei ya kutupa, nikapata 45,000. Pengo likabaki 75,000

Jumla ni 210,000. Na sijaweka usingizi, wala yule mteja ambaye hajarudi mpaka leo.

Fundi alipofungua aliniita, akanionyesha beringi. Ilikuwa ya kahawia, imechimbika vishimo, na grisi imekuwa nyeupe kama maziwa. Akaniuliza swali moja tu: "Mlilipeleka mtoni?"

Hapo ndipo nilipoanza kujifunza. Haya ndiyo niliyojifunza kwake na kwa kuangalia mwenyewe.

1. KUOSHA NI LAZIMA, ILA SIYO MTONI

Kwa nini mto uliua beringi? Gurudumu likitembea safari ndefu, pale katikati hupata joto, na hewa iliyomo ndani hutanuka. Ukiliingiza ghafla kwenye maji ya baridi, na maji ya mito yetu ya Rungwe unayajua yalivyo, ile hewa husinyaa na kuvuta maji ndani kupitia kwenye sili. Sili ikiwa imechoka kidogo tu, maji yanaingia. Yakishaingia hayatoki. Yanachanganyika na grisi, grisi inageuka nyeupe, halafu beringi inakaa kwenye maji miezi miwili. Kutu inakula chuma laini kilichosuguliwa vizuri, na hapo imekwisha.

Kwa hiyo:

- Safari ikiisha, acha tela lipoe kwanza. Kunywa chai, nusu saa au zaidi.
- Osha kwa ndoo na brashi, au mpira wa maji, ukiwa mbali na mto. Usielekeze maji ya presha moja kwa moja kwenye kitovu cha gurudumu.
- Kutoosha mtoni kuna sababu nyingine pia: grisi na mafuta yako ndiyo maji ya kunywa ya mtu wa bondeni.

Usiseme "mvua italiosha". Mvua inalowesha tu, haioshi. Tope letu hili la udongo wa volkano linashika maji kama sponji, na likijaa kwenye kona za chesesi, chuma hakikauki wiki nzima. Ingia chini, toa tope kwenye kona zote, juu ya ekseli, katikati ya springi, nyuma ya taa.

Kama ulibeba mbolea, iwe ya chumvichumvi au samadi, osha siku hiyo hiyo. Usilale nalo. Mbolea kama urea na CAN huvuta unyevu kutoka hewani, na punje chache zilizobaki kwenye kona zinatosha kuanzisha kutu itakayotoboa bati. Utomvu wa ndizi nao ukikauka unashika uchafu na unyevu, usugue ukiwa bado mbichi.

Ukimaliza kuosha, liache lipigwe na jua au upepo mpaka likauke. Kwa hapa Tukuyu najua jua ni la kuviziwa. Basi futa kwa matambara, hasa sakafu na kona.

2. WAPI LIKAE

Hapa kwetu mvua ni zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na hata miezi inayoitwa ya kiangazi kuna ukungu na umande mzito. Ukisoma maelekezo ya watu wa nchi kavu utaambiwa "weka nje, funika". Kwetu hiyo haitoshi.

Pazuri kuliko pote ni chini ya paa, hata kama ni bati nne juu ya nguzo za mlingoti bila kuta. Paa linazuia mvua, kukosa kuta kunaacha upepo upite. Upepo ndio unaokausha chuma. Ndiyo maana chumba kilichofungwa, chenye sakafu ya udongo unaotoa unyevu, kinaweza kuwa kibaya kuliko banda la wazi.

Kama huna paa:

- Liweke sehemu ngumu, kwenye kokoto, tofali zilizopangwa au zege. Usiweke kwenye majani. Majani yanapanda, yanagusa chuma, yanashika umande asubuhi yote. Lile letu lilikuwa na kutu zaidi upande wa majani kuliko upande wa ukuta, na ni tela moja.
- Liinamishe kidogo ili maji yasituame sakafuni. Inua mbele, shusha nyuma, na mlango wa nyuma uache wazi.
- Kama sakafu ni bati, hakikisha matundu ya kutolea maji hayajaziba. Kama hakuna, mwambie fundi atoboe mawili matatu kwenye kona za nyuma. Na ukitoboa, paka rangi pembeni mwa tundu.

Kuhusu turubai: usilibane likagusa sakafu pande zote. Unyevu wa chini utapanda, utagonga turubai, utadondoka ndani. Unaweza kukuta nje pakavu na ndani pamelowa. Weka mti au bomba katikati kama mgongo wa hema, turubai lipite juu, pembeni liache nafasi ya hewa. Lifunge kwa kamba lisipigwe na upepo, maana turubai linalopigapiga huchubua rangi.

Na kuku! Kama kuku wanalala juu ya tela, kinyesi chao kinakula rangi na chuma. Wafukuze.

3. MLIMA HAUNA HURUMA

Hapa nani ana uwanja tambarare? Labda wachache. Wengi tumejenga ubavuni mwa kilima. Tela lililofunguliwa kwenye gari ni gurudumu tupu linalosubiri kusukumwa, na watoto wanapenda kulichezea.

- Lipaki likiwa limekingama na mteremko, siyo likielekea bondeni.
- Weka kabari pande zote mbili za kila gurudumu, mbele na nyuma. Kabari ya mti uliokatwa pembetatu ni bora kuliko jiwe la mviringo ambalo litateleza tope likilainika.
- Kama tela lako lina breki ya mkono, usiliache limefungwa breki miezi. Breki hugandia. Tegemea kabari.
- Mguu wa mbele usimame juu ya ubao mpana au tofali nzima, siyo kwenye udongo. Mvua ya siku tatu, mguu unazama, tela linainama, maji yanajaa upande mmoja.
- Tela tupu linaweza kubinuka kwa nyuma mtoto akikaa mwisho wa sakafu. Weka nguzo au gogo chini ya sehemu ya nyuma pia.

Hili la watoto silisemi kwa kutisha. Tela linarudi kwa fundi likatengenezwa, mguu wa mtoto siyo hivyo.

4. TAIRI

Tairi linalosimama sehemu moja na kubeba uzito hupata ubapa pale linapogusa chini, na upepo ukipungua ndiyo zaidi. Jua nalo linapasua mpira pembeni.

Kama tela litakaa zaidi ya mwezi, linyanyue. Legeza nati kwanza gurudumu likiwa bado chini, kisha piga jeki chini ya ekseli, weka kabari upande wa pili, halafu ingiza magogo manene au tofali imara za zege chini ya ekseli. Tofali za matundu usizitumie, zinaweza kupasuka ghafla. Na jamani, usiingie chini ya tela lililoshikwa na jeki peke yake. Jeki ni ya kunyanyulia, magogo ndiyo ya kushikilia.

Kama huwezi kunyanyua, basi:

- Jaza upepo vizuri, kwa kufuata kilichoandikwa ubavuni mwa tairi.
- Weka kipande cha ubao chini ya kila tairi.
- Kila wiki mbili au tatu lisukume kidogo, gurudumu lizunguke nusu, lisikae mahali pale pale.
- Funika tairi kwa gunia kuukuu upande unaopigwa na jua.

Kabla hujanunua tairi la mtumba la tela, tafuta ubavuni namba nne za mwisho kwenye mstari unaoanza na herufi DOT. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukikuta 3521, limetengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2021. Tairi la tela mara nyingi halifi kwa kuisha meno, linakufa kwa uzee. Meno utayaona mazuri kabisa, lakini ubavu una nyufa nyembamba kama udongo wa kiangazi. Hilo usilibebeshe mzigo wa mteja kuteremka nao Kasumulu.

5. BERINGI NA GRISI

Hiki ndicho kipengele kilichonila, kwa hiyo nivumilie.

Ndani ya kitovu cha kila gurudumu, kwenye matela mengi haya madogo, kuna beringi mbili: kubwa ndani, ndogo nje. Katikati kuna grisi. Nyuma kuna sili ya mpira inayozuia maji na vumbi. Mbele kuna kifuniko cha chuma kama kikombe. Vitu vinne tu, na vyote vinategemeana.

Kujaribu bila kufungua: nyanyua gurudumu, lizungushe kwa mkono. Likizunguka kimya na laini, sawa. Ukisikia kusagasaga, kuna kutu au uchafu. Kisha lishike juu na chini, litikise. Likicheza, nati ya kati imelegea au beringi imekwisha. Chungulia nyuma ya gurudumu: kama kuna grisi imemwagika kwenye rimu, sili imekufa.

Kabla ya kulilaza kwa muda mrefu, hasa kabla ya masika, fungua na upake grisi mpya. Ya zamani isafishe yote kwa mafuta ya taa au dizeli, kausha kabisa, kisha shindilia grisi mpya ndani ya beringi kwa kiganja mpaka itokeze upande wa pili. Kupaka juu juu kama losheni hakusaidii. Usichanganye grisi za aina mbili, nyingine zikikutana huwa nyepesi na kuvuja. Sili ukishaitoa, weka mpya. Pini ya kuzuia nati nayo weka mpya. Ni kitu cha bei ndogo sana kuokoa sili ya zamani halafu upoteze beringi.

Kukaza nati ya kati kuna ufundi wake: unakaza huku unazungusha gurudumu mpaka lianze kuwa zito, halafu unarudisha nyuma kidogo lizunguke huru bila kucheza. Ukikaza sana beringi inaungua, ukilegeza sana inapigapiga. Kama hujawahi kufanya, mlipe fundi mara ya kwanza, simama pembeni, uangalie. Kopo la grisi halifiki hata robo ya ile 95,000 yangu.

6. CHUMA, MBAO NA WAYA

Kutu ndogo ni rahisi. Sugua kwa brashi ya waya na msasa mpaka uone chuma, futa vumbi, paka rangi ya kuzuia kutu, ikikauka paka rangi ya juu. Usipake rangi juu ya kutu kwa sababu tu unataka lipendeze kwenye picha. Kutu inaendelea kula chini ya rangi, utaiona ikishatoboka. Angalia zaidi sehemu zilizochomelewa, ndipo huanzia, na ndipo tela hukatikia. Ukiona ufa kwenye mkono wa mbele wa kuvutia, usisafiri nalo hata safari moja.

Kama chesesi yako ni ya bomba za mraba, ncha zake zikiwa wazi nyigu na nyuki wataingia kujenga, na tope litajaa. Ziba ncha za juu, za chini acha tundu dogo la kutolea maji.

Sakafu ya mbao: usiache maganda ya ndizi, majani wala udongo wa viazi juu yake. Chini yake ndipo mbao zinapoanza kuoza, na mchwa hupenda hapo. Kuna wanaopaka oili chafu ya injini kwenye mbao. Kwa tela la kubebea kokoto ni shauri lako. Kwa sisi tunaobeba chakula cha watu, hapana. Inanuka, inachafua maboksi, na mteja akifungua parachichi zinanuka gereji, hutajieleza ukaeleweka. Tumia rangi au dawa ya mbao na uache ikauke kabisa.

Kwa sababu hiyo hiyo, usiligeuze tela kuwa stoo. Madumu ya mafuta ya taa na dawa za kupulizia shambani vikae kwingine.

Waya za taa: panya wanazitafuna, na plagi ikilala chini inajaa maji. Itundike juu, mdomo ukiangalia chini. Usiifunge kwa mfuko wa nailoni, unyevu utabaki ndani. Pale unapoungia kwenye gari, paka grisi kidogo na ufunike na chupa ya plastiki iliyokatwa au kopo. Tela likirudi kazini, futa ile grisi kabla vumbi halijaifanya msasa.

7. MWIZI NA SIMU YAKO

Tela ni rahisi kuiba kuliko pikipiki: halina funguo, halina kelele, linavutwa tu.

- Paki sehemu ya kuvutia ikielekea ukutani, siyo barabarani.
- Pitisha mnyororo kwenye rimu, kwenye ekseli, mpaka kwenye nguzo iliyosimikwa. Kufuli lifunike na mpira lisiingie maji.
- Kwa kukaa miezi, toa gurudumu moja ulilaze ndani. Tela la gurudumu moja haliendi mbali.
- Gonga alama yako kwenye chesesi mahali pawili, pamoja panapojificha. Piga picha alama hizo na kadi ya usajili, utunze kwenye simu na kwa mtu mwingine.
- Andika jina la biashara na namba ya simu ubavuni kwa rangi, kubwa. Ni tangazo bure stendi nzima, na mwizi hapendi kitu kinachosomeka.

Na hili ni letu sisi wa mtandaoni: acha kuposti picha ya tela likiwa nyuma ya nyumba yako na maneno "tumepumzika mpaka mwezi wa sita". Umemwambia mwizi lilipo na muda alionao. Picha piga likiwa kazini, limebeba mzigo, stendi au shambani.

8. KAMA MNALIMILIKI WENGI

Kitu cha wote huwa hakina mwenyewe. Sisi baada ya ile hasara tulikaa, tukasemana ukweli, nusura tugombane. Dada wa mchele alisema wazi: "Wewe ndiye ulikaa nalo." Na mimi nikasema: "Wote tulikuwa mtoni." Wote tulikuwa sawa. Tukakubaliana hivi, na mpaka leo tunaenda nayo:

- Aliyetumia mwisho ndiye anayeosha. Anatuma picha tatu kwenye grupu la WhatsApp: sakafu, chini, magurudumu. Bila picha, hajarudisha.
- Kila safari mtumiaji anatoa kiasi kidogo kwenye mfuko wa tela. Mfuko huo ni wa grisi, sili na tairi, haukopwi.
- Daftari moja linakaa na tela: tarehe, nani, umbali, mzigo gani, alisikia nini. Neno "limeanza kupiga kelele kushoto" likiandikwa mapema linaokoa watu watatu.
- Mwenye uwanja halipi mchango wa mwezi. Kazi yake ni kuliangalia kila Jumamosi.

Tulipoandika hayo, maneno yaliisha.

9. DAKIKA KUMI KABLA YA SAFARI

Usilitoe tela usingizini asubuhi ya oda. Litoe jana yake, mchana, ukiwa na muda wa kumpata fundi.

✔ Upepo wa tairi, nyufa ubavuni
✔ Nati za magurudumu zimekazwa
✔ Zungusha, tikisa, sikiliza
✔ Kichwa cha kuungia kimeingia na kufunga, mnyororo wa usalama upo
✔ Taa za nyuma na indiketa zinawaka
✔ Sakafu haina mbao laini, haina misumari iliyochomoza
✔ Hakuna kiota cha nyigu (usicheke)

Halafu ukishatembea kilomita tano mpaka kumi, simama sehemu salama. Sogeza mgongo wa kiganja karibu na kitovu cha kila gurudumu, kisha gusa. Vuguvugu ni kawaida. Kama unashindwa kuacha mkono, au upande mmoja ni wa moto sana kuliko mwingine, usiendelee. Kama siku ile ningesimama mara moja tu kabla ya kupakia mzigo, huenda ningekuta upande wa kushoto unaungua, nikaita guta mapema, na basi lisingetuacha.

KWA WENYE GUTA NA TELA LA PAWATILA

Mengi ni yale yale: kuosha likiwa limepoa, paa, grisi, kabari, kufuli. Kwa guta la injini, ongeza betri: ikikaa wiki nyingi bila kuwashwa inaisha chaji, kwa hiyo toa waya wa hasi, au iwashwe mara kwa mara. Kwa wenzetu wa Kyela na Usangu wenye matela ya pawatila yanayoshinda kwenye majaruba, lile somo la beringi na maji ni lenu zaidi hata kuliko letu.

NIMALIZE

Mteja wa Dar hajui kama una tela. Hajui Masoko ni wapi wala mvua ya Tukuyu ikoje. Anachojua ni kwamba ametuma hela kwa mtu asiyemfahamu, na ameambiwa mzigo utafika Ijumaa. Jina lako lote limebebwa na zile beringi mbili kila upande.

Wiki hii, kabla hujalala, nenda nyuma ya nyumba na tochi. Liangalie tela lako. Ling'oe kwenye majani, liinamishe maji yatoke, weka kabari. Hayo matatu hayana gharama. Mengine panga na mfuko wako.

Na wewe umewahi kuachwa na gari au basi kwa sababu ya kifaa kilicholala vibaya? Tuandikie hapa chini ilikuwaje na ulitokaje, kuna mtu atajifunza. Na mtumie yule rafiki yako ambaye kuku wanalala juu ya tela lake, anajijua.

Tukutane kwenye somo lijalo.